Baba Alirudi Nyuma Dakika Ishirini

Siku baba yangu alipofariki, runinga ilimuuliza kama bado anatazama.

Sitanii.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi alasiri. Mama alinipigia simu akasema maneno matatu tu, "Njoo, baba yako," simu ikakatika. Nilifika nyumbani nikihema, nikamkuta amesimama katikati ya sebule, rimoti mkononi. Baba yupo kwenye kochi lake, kichwa kimeegemea upande wa dirisha kama kawaida yake. Jirani yetu mwenye gari alikuwa ameshamgusa shingo, ameshatikisa kichwa, na sasa alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nyuma yao, kwenye skrini, kulikuwa na maandishi meupe:

"Bado unatazama?"

Chini yake vitufe viwili. Ndiyo. Toka.

Tulisimama pale watu watatu wazima na hakuna aliyejibu.

Baba mdogo akaingia, akamwangalia kaka yake, akaiangalia ile skrini, akang'aka, "Jamani, zimeni hicho kidude!"

Nikaichukua rimoti kwa mama. Alikuwa ameikamata kwa nguvu kiasi kwamba nilimbandua vidole kimoja kimoja. Nikabonyeza Toka.

Kabla skrini haijawa nyeusi nikaona filamu iliposimamia. Dakika ya arobaini na moja, sekunde ya sita. Mtu mwingine asingeiona hiyo namba. Mimi kuiona namba hiyo ndiyo kazi yangu.

Na lile swali, mwandishi wake ni mimi.

Ngoja nieleze, maana hapa ndipo watu wanaponiuliza kama niko sawa.

Mimi ni mtu wa kujaribu vitufe katika kampuni inayotengeneza programu ya kuangalia filamu kwenye runinga. Sikusomea kompyuta. Nilimaliza sekondari, nikafungua kibanda cha kutengeneza rimoti mbovu. Siku moja mtu wa kampuni hiyo akaniletea rimoti kumi na nne kwa mpigo, akaona ninavyozibonyeza, akaniambia kuna kazi.

Ofisi yangu iko ghorofa ya tatu. Kuna kochi la kijivu lililonunuliwa ili pafanane na sebuleni kwa mtu, runinga tano za ukubwa tofauti, na kapu la rimoti zenye namba. Nakaa. Nabonyeza. Kikiharibika kitu, najaza fomu: tatizo ni nini, linatokea vipi, uzito wake mdogo, wa kati au mkubwa.

Baba alikuwa fundi wa kufuli. Alishastaafu lakini wateja bado walimfuata nyumbani na vitasa vyao kwenye mifuko. Kila mteja alisimuliwa habari zangu.

"Kijana wangu analipwa kukaa kwenye kochi," alikuwa akisema. "Mimi nimekaa kwenye kochi bure miaka yote hii. Hakuna hata aliyeniambia kumbe ni kipaji."

Mwaka huu kampuni iliamua kubadilisha vitufe vyote vya kuchezea filamu. Zamani vilikuwa saba, vimejipanga chini ya picha kama wanafunzi waliochelewa. Bosi wa usanifu akasema vitufe saba ni aibu. Huyu bosi tulimwita Sekunde Mbili, kwa sababu ukimuuliza jambo anakwambia "nipe sekunde mbili," halafu humwoni mpaka kesho yake.

"Mtu akishika rimoti asifikiri," alitwambia kwenye kikao. "Akifikiri tu, tumeshindwa."

"Basi kwa shemeji yangu tulishashinda zamani," dada wa takwimu akanong'ona. Huyo ndiye aliyekuwa anahesabu nani amebonyeza nini, na kwenye vikao alikaa karibu nami kwa ajili ya kunong'ona.

Tukahitaji nyumba za kujaribia. Zikapatikana kaya arobaini, wengine wafanyakazi wenyewe. Nikaandikisha kwetu. Akaunti ya baba nikaipa jina "Mzee." Mama nilitaka nimfungulie yake, akakataa.

"Mimi filamu sizijui," alisema. "Namwangalia baba yako anavyoziangalia. Inanitosha."

Nilicheka. Nilidhani ni utani.

Baba naye akageuka mkaguzi. Vitufe vipya vilikuwa vinajificha vyenyewe baada ya sekunde tatu, akavichukia. "Vinakimbia kama panya umewasha taa! Nikinyoosha kidole havipo!" Niliandika malalamiko yake yote kwenye fomu kama yangu. Nikasifiwa ofisini kwa jicho kali.

Lakini kitu alichokichukia kuliko vyote ni lile swali.

Wazo la ofisi lilikuwa kwamba mtu asipobonyeza kitu kwa nusu saa, filamu isimame imuulize kama yupo. Maneno ya kwanza waliyoandika yalikuwa haya: "Hatujagundua shughuli yoyote kwenye kifaa chako kwa muda. Je, ungependa kuendelea kutazama maudhui haya?" Nikasema jamani, mtu akimaliza kuyasoma haya filamu nayo imeisha. Nikachukua kalamu, nikaandika: Bado unatazama?

Sekunde Mbili akapiga makofi. Ndiyo maneno pekee niliyowahi kuandika yakasomwa na watu.

"Linaniuliza kama mlinzi wa geti!" baba alinipigia simu kunifokea. "Bado natazama, bado natazama! Nitaenda wapi? Hapa si kwangu?"

"Bonyeza Ndiyo tu, baba."

"Nimebonyeza! Baada ya nusu saa limerudi tena. Hilo swali halisikii?"

Kuna mambo mawili mnatakiwa kuyajua kuhusu baba, halafu naendelea.

La kwanza, alijigamba maisha yake yote kwamba hajawahi kulala mbele ya runinga. Wenzake wakikoroma kwenye taarifa ya habari yeye aliwacheka. "Macho haya," alikuwa akijigusa chini ya jicho, "yamezoea tundu la ufunguo. Hayafumbi ovyo."

La pili, mwizi wa kwenye filamu akifungua kufuli kwa kibanio cha nywele, baba alicheka mpaka akakohoa. "Uongo mtupu! Kwa kibanio! Sasa mimi ujana wangu niliupotezea nini kwenye tupa na vumbi la chuma? Si ningenunua vibanio!"

Basi. Tulimzika Jumamosi.

Siku ya tisa baada ya mazishi nikarudi kazini. Watu walinipa pole mlangoni, kwenye ngazi, chooni. Nikakaa kwenye kochi la kijivu na sikuweza kubonyeza kitu. Mchana ulipopita nikafungua orodha ya kaya arobaini. Nilitaka kuiona tu ile alama. Dakika ya arobaini na moja, sekunde ya sita. Kitu cha mwisho baba alichokifanya duniani ni kufika pale, na ofisi yetu ilikuwa imekihifadhi bila kujua.

Nikashuka mpaka kwenye jina "Mzee."

Ilikuwa dakika ya ishirini, sekunde arobaini na sita.

Nikafuta kioo kwa kiganja. Nikaangalia tena. Arobaini na saba. Arobaini na nane. Arobaini na tisa.

Tarakimu zilikuwa zinatembea.

Jamani, nywele zilinisimama. Ilikuwa saa kumi na dakika tano alasiri. Baba yangu alikuwa na siku tisa chini ya ardhi, na kwenye orodha ya ofisi alikuwa anaangalia filamu.

Nikakaa pale dakika ishirini bila kupepesa. Alama ikasogea taratibu mpaka arobaini na moja na sekunde sita. Ikasimama hapo hapo. Haikupita hata kidogo.

Kesho yake saa kumi, ikarudi nyuma dakika ishirini na kusonga upya. Keshokutwa vilevile.

Nikampelekea dada wa takwimu. Orodha yake haina majina, ina namba za nyumba tu, kwa hiyo nikamtajia namba na sikusema ni ya nani.

Akaangua kicheko. "Huyu? Huyu ni bingwa wangu!"

"Bingwa wa nini?"

"Wa kurudi nyuma. Wewe unabonyeza kile kitufe cha kurudi sekunde kumi mara ngapi kwa siku? Watu wa kawaida ni mara nne. Huyu mara mia moja na ishirini na mbili. Peke yake amenipandishia wastani wa kaya arobaini kutoka nne hadi saba."

"Na bosi anajua?"

"Bosi hajui kuna bingwa. Anajua wastani tu." Akashusha sauti. "Na ameshaupenda, wewe acha tu."

Kweli alikuwa ameupenda. Kwenye kikao cha mchana ule Sekunde Mbili alisimama mbele ya skrini akitetemeka kwa furaha. Kitufe kikubwa katikati ya picha, alisema, hakitakuwa tena cha kuanzisha na kusimamisha. Kitakuwa cha kurudi nyuma. "Namba zimesema! Mtazamaji wa leo hataki kwenda mbele. Anataka kurudi!"

Watu wakaandika kwenye madaftari yao. Mimi nikaangalia mikono yangu.

Maana nilikuwa nimeshaelewa. Nyumbani kwetu rimoti ni moja, na aliyebaki nayo ni mmoja.

Nikampigia mama. "Siku hizi unaangalia tivii, mama?"

"Mimi? Filamu si nilikwambia sizijui?"

"Haya."

"Umekula?"

"Nimekula."

Tukakata simu, waongo wote wawili.

Nilijieleza hivi: mama anailinda ile alama. Anawasha, filamu inajiendea yenyewe, anaogopa, anairudisha. Anataka ibaki pale baba alipoiachia. Nikaingia chooni ghorofa ya tatu, nikafungua bomba ili nisisikike.

Tatizo ni kwamba toleo jipya lilikuwa linaingia Jumatatu, na kabla ya hapo alama zote za kaya za majaribio zinafutwa. Kila filamu inaanza sifuri. Tangazo lilikuwa na mstari mmoja: Tafadhali msiwe na hofu.

Nikamfuata Sekunde Mbili mezani kwake.

"Bosi, naomba alama moja isifutwe."

"Nipe sekunde mbili."

"Sitoki hapa."

Akainua uso. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumjibu hivyo. "Alama ya nani?"

"Ya baba."

Akalegea. "Pole sana, kaka. Nyumba namba ngapi?"

Nikamtajia. Akaandika kwenye mashine yake, akasogea karibu na kioo, na macho yakaanza kumng'aa. Si kwa machozi.

"Hii nyumba inabonyeza mara mia na ishirini! Kumbe wastani wangu unatoka... Kaka! Huyu ndiye mtazamaji wa kesho! Ni nani?"

"Ni mama yangu."

"Twende kwa mama," akasema, akishika koti.

Tulienda Ijumaa alasiri. Bosi mbele na biskuti, dada wa takwimu na makaratasi yake, mimi nyuma kama mtu anayepeleka polisi kwao.

Mama alifungua mlango akatuhesabu kwa macho. "Karibuni. Mbona mmekuja wengi? Nimeharibu nini?"

"Hujaharibu kitu, mama," bosi akasema. "Wewe ni mtu muhimu sana kwetu."

"Tangu lini?"

Tukakaa. Hakuna aliyekaa kwenye kochi la baba, ila bosi, ambaye hakujua. Mama alimwangalia, akamwacha.

"Mama, naomba nikuulize. Kile kitufe cha kurudi nyuma, unakipendea nini?"

"Kitufe gani?"

"Hiki hapa kwenye rimoti."

"Hiki? Mimi hata sikijui." Na kidole gumba chake kilikuwa juu yake. Kitufe chenyewe kimefutika rangi mpaka kinang'aa, vingine vyote vipya.

"Mama," nikasema, "najua unairudisha pale baba alipoachia. Si vibaya. Nimekuja kuomba isifutwe."

Akaniangalia kama ninaongea lugha ya ng'ambo. "Alipoachia wapi?"

Hapo dada wa takwimu akakohoa. Alikuwa ameyafunua makaratasi yake magotini. "Kaka, samahani. Hii haikuanza baada ya msiba." Akanipa. "Angalia. Mia na ishirini, mia na kumi na nane, mia na ishirini na tano. Kila siku, miezi mitano. Baba alikuwa mzima."

Nikapitisha kidole kwenye safu. Kweli. Kisha nikafika kwenye ile Alhamisi.

Sifuri.

"Mama?" nikasema. "Nani alikuwa anarudisha nyuma baba akiwa hai?"

Akaiweka rimoti mapajani. Akacheka kidogo, pumzi tu, ya puani.

"Baba yako alikuwa analala," alisema.

"Baba?"

"Kila siku. Dakika ishirini, hazizidi, hazipungui. Akishakunywa chai tu, kichwa dirishani. Miaka thelathini na moja." Akamgeukia bosi, kwa sababu ni rahisi kumwambia mgeni. "Na akiamka anagoma. 'Sijalala! Nilikuwa napumzisha macho!' Tunagombana. Mbona mwizi ameshakamatwa na hukumwona? Anakasirika mpaka usiku. Sasa huyu mtoto akatuletea hii programu yao, nikaona kuna kitufe kinarudi sekunde kumi. Nikasema, Mungu si Athumani."

Bosi alikuwa ameacha kuandika.

"Akilala, namwacha alale. Usingizi ukikaribia kuisha, narudisha. Ule mstari mrefu wa chini ya picha siutaki, ukiugusa unaruka mpaka mwisho wa dunia. Nabonyeza hiki, moja moja, mpaka pale kichwa chake kilipoanguka. Napajua, kwa kuwa mimi siangalii filamu, namwangalia yeye. Halafu naweka kikombe mezani kwa nguvu kidogo. Anashtuka, anaangalia, yule mtu bado anapanda ngazi zilezile. 'Unaona?' ananiambia. 'Sijakosa kitu.' Namwambia kweli, baba, macho yako makali."

Dada wa takwimu alikuwa anajipepea na karatasi.

"Na ile Alhamisi?" nikauliza. "Mbona ni sifuri?"

Mama akaigeuza rimoti mapajani.

"Nilikuwa nje naanua nguo. Nikaingia nazo begani, nikamkuta ameinamia dirishani, nikajua amelala. Nikakaa, nikashika rimoti nimrudishie." Akaonyesha kwa kidole gumba, mara tatu, hewani. "Haikurudi. Kulikuwa na lile swali. Nikabonyeza tena, haikurudi. Swali limeziba. Nikasema basi, leo atajua amelala, leo tutagombana. Nikaweka kikombe mezani."

Akaiangalia ile meza.

"Nikakiweka tena," alisema mama.

Kutoka nje zilisikika ndala za mtu zikipita. Mama alisubiri zimalizike.

"Kwa hiyo sasa namrudishia. Deni si deni, ni kazi tu niliyoikatisha njiani. Narudisha dakika zake ishirini, naziangalia mpaka pale swali lilipotokea, nazima. Mbele ya hapo sijaenda. Siwezi kumtangulia."

Sekunde Mbili akainama mbele kwenye kochi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Swali likitokea tunafunga vitufe vingine vyote, mama. Ili mtu asikosee."

"Asikosee nini?"

Kwa mara ya kwanza hakuomba sekunde mbili.

Nikaona nisipolisema sasa sitalisema. "Mama, lile swali niliandika mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Nani asiyejua? Kila mteja aliyekuja na kitasa alisubirishwa hapa mpaka nusu saa ifike aone. 'Subiri, subiri, linakuja. Umeona? Maneno hayo ni ya mwanangu.'"

"Mbona alinifokea kwenye simu?"

"Ulitaka akwambie wewe?"

Hapo sasa nilichoka. Nikaangalia pembeni, ukutani, popote.

"Na kuna jingine," mama akaendelea, kama mtu aliyeanza kufagia asiyeweza kuacha kona. "Nikiwa kwenye kamba ya nguo nilimsikia akicheka. 'Uongo mtupu!' Nimepatafuta kwenye filamu, nimepapata. Mwizi anafungua kufuli kwa kibanio. Ni dakika saba tu kabla ya lile swali lenu. Sasa wewe unamjua baba yako. Akishachekea kufuli, analala tena?"

"Halali. Hasira zinamweka macho mpaka filamu iishe."

"Basi ndiyo hivyo. Siku ile hakulala." Akatikisa kichwa taratibu. "Miaka thelathini na moja ananidanganya. Siku moja akawa mkweli, na siku hiyo ndiyo mimi nimekaa hapa nahangaika kumrudishia."

Nikakumbuka kitufe nilichokibonyeza kwa niaba yake. Toka. Nilimjibia vibaya.

"Mama," bosi akasema, "ile alama Jumatatu inafutwa. Lakini nitajitahidi..."

"Ifuteni."

"Si muhimu kwako?"

Mama akanyanyuka, akainama pembeni ya meza ya runinga. Ile meza ilikuwa na maandishi ya penseli ya baba tangu zamani, vipimo vya funguo za wateja. Chini kabisa, kwa mwandiko mwingine, kulikuwa na 41.06.

"Nitegemee mtambo wenu?" alisema. "Unaomuuliza maiti kama anatazama?"

Bosi ndiye aliyeanza kucheka. Kisha dada wa takwimu. Kisha mama mwenyewe, akajifuta macho kwa ncha ya khanga, na baada ya hapo biskuti zikafunguliwa.

Jumatatu toleo jipya likaingia.

Mnadhani bosi alikiondoa kile kitufe kikubwa? Thubutu. Alisimama kwenye kikao akatangaza kwamba sasa ana ushahidi wa kina: watu hawarudi nyuma kwa ajili yao, wanarudi kwa ajili ya wenzao. Watu wakaandika kwenye madaftari yao. Kaya arobaini, na huo wastani wa saba bado ni wa mtu mmoja. Dada wa takwimu akaninong'oneza, "Nimwambie tena?" Nikamwambia aache.

Saa kumi alasiri mama akanipigia simu.

"Mwanangu, filamu imeanza mwanzo kabisa."

"Nilikwambia zitafutwa."

"Na mmeweka kitufe kikubwa hivi cha kurudi nyuma, na hapa hakina pa kurudi."

"Ndiyo, mama."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yako."

Nikamsikia anahema. "Na cha kwenda mbele kiko wapi?"

"Kimefichwa."

"Haya. Nitaiangalia tangu mwanzo, basi. Hata hivyo sijui huyo mwizi anaiba nini."

Jioni ile nilibaki kwenye kochi la kijivu nikajaza fomu. Tatizo: swali likiwa kwenye skrini, kitufe cha kurudi hakifanyi kazi. Uzito: mkubwa. Mafundi wakanirudishia na alama ya kuuliza. Nani atahitaji kurudisha nyuma wakati anaulizwa kama yupo?

Nikaandika chini yake: Mtu aliyekaa pembeni yake.

Baada ya wiki mbili wakakirekebisha.

Mmezoea mwisho wa simulizi uwe na funzo, basi langu ni dogo. Kama kwenu kuna mtu anayejigamba hajawahi kulala mbele ya runinga, msimbishie. Ulizeni kwanza rimoti inashikwa na nani.

Siku hizi naenda nyumbani kila Jumamosi. Mama anakaa kwenye kochi la baba, mimi kwenye kiti chake, tunaangalia filamu ileile vipande vipande. Dakika ya arobaini na moja bado hatujaifikia.

Jumamosi iliyopita alilala dakika kumi na mbili, kichwa upande wa dirisha. Swali likatokea. Nikabonyeza kitufe cha kurudi mara sabini na mbili, na kilirudi.

Nikaweka kikombe mezani. Akafumbua macho, akaangalia skrini, akaniambia hajalala.